Radio Mbili za Mzee Amisi na Jicho Nililoazima

Ninyi vijana mnaouza simu na spika kwenye barabara ya soko hapa Kasongo, mnaonisalimia huku macho yenu yako kwenye skrini, sogeeni kidogo. Mmemtuma mtu aje aniulize namna ya kumchagulia mteja radio ya kitandani, ile yenye saa ya tarakimu na mahali pa kuwekea diski, kwa sababu zimeanza kuonekana tena. Zimepita Baraka na Kabambare juu ya pikipiki, zimefika, na hakuna hata mmoja wenu anayejua zinafunguliwa wapi. Nitawaeleza. Lakini mimi siwezi kueleza chombo bila kusengenya watu, na kwa kuwa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza kazi.

Nilikaa kwenye meza ya ufundi miaka thelathini na kitu. Mwanamke, ndiyo. Wanaume walikuwa wakiingia dukani, wananikuta nimeshika chuma cha kuchomea waya, wananiuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawajibu kwamba fundi amekwenda kuswali, wakae wamngoje. Wengine walikaa mpaka adhuhuri.

Kazi nilifundishwa na baba yangu mdogo, Fundi Ramazani, mtu mfupi mwenye maneno marefu. Watoto wake wa kiume wote walikimbilia dhahabu huko Lusangi, basi akanichukua mimi, Zaina, niliyekuwa napenda kufungua vitu ambavyo sikuweza kuvifunga. Yeye alikuwa ananusa radio kabla ya kuigusa. Anaigeuza, anaweka pua kwenye matundu ya nyuma, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: hii imeungua, hii imekojolewa na panya, hii mende wamefungia ndoa ndani. Nilimcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili na mimi nikawa nanusa.

Sasa, kuchagua. Mteja wa radio ya kitandani huchagua kwa macho, na macho ndiyo hayatafanya kazi yoyote akishalala. Fundi Ramazani alinikataza kabisa kumwuliza mteja anataka radio gani. Alisema muulize analala upande gani. Mtu akiamshwa na kengele, mkono wake unatoka peke yake bila akili, unatafuta kitufe cha kunyamazisha. Kama kitufe hicho kina ukubwa sawa na vingine vyote, ataongeza sauti, atabadilisha saa, atafungua diski, atamwamsha jirani, na asubuhi atakuletea wewe lawama. Kwa hiyo mwambie afumbe macho pale pale dukani, aipapase. Kidole kisipokipata kitufe mara moja, aiache.

Halafu mwanga. Zile namba nyekundu zinapendeza mchana. Kuna mwalimu mmoja alinunua radio yenye namba kubwa kama vidole vyangu, akairudisha baada ya siku tatu, anasema mke wake analala amefunika uso na kitenge kwa sababu chumba kimekuwa kama jiko. Tafuta ile ambayo mwanga wake unapunguzwa. Ukikosa, kata kipande cha karatasi ya kaboni ubandike juu ya namba, na usimwambie mteja kwamba haikutoka hivyo kiwandani.

Geuza radio usome tumbo lake. Ikiandikwa volti 110, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa jenereta au wa konvatisa ya betri, itaimba nusu ya wimbo kisha itakunukia. Angalia pia kama ina mahali pa pile, betri ndogo ya kushikilia saa. Hapa umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na radio isiyo na pile, kila umeme ukirudi, inasahau kila kitu na kuanza kupepesa sifuri. Wapo watu hapa mjini wameishi na sifuri zinazopepesa miaka mitano na hawajachelewa popote, kwa sababu hawana pa kwenda.

Na ukimwekea mteja saa, mwekee kwa saa ya hapa. Yule yule mwalimu wa namba nyekundu, nilipombadilishia radio, alienda nyumbani akaiweka saa mwenyewe kwa kusikiliza mtangazaji wa Kinshasa. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa nzima. Juma zima alifika shuleni wanafunzi wakiwa wamekaribia mapumziko, na kila siku alimwonyesha mkubwa wa shule kwamba saa yake mpya ya tarakimu haiwezi kukosea. Mkubwa wa shule naye aliogopa tarakimu, akaanza kuitilia mashaka saa yake ya mkononi.

Haya yote ni madogo. Kubwa ni diski. Na hapa sina budi kuwaeleza kosa langu, maana nyinyi mnadhani mimi nilizaliwa nikiwa na hekima hii.

Ndani ya radio ya diski kuna jicho, kioo kidogo kinachosoma diski kwa mwanga. Jicho likichoka, radio inazunguka tu, inakwaruza, inarukaruka, inanyamaza. Wakati ule macho mapya yalikuwa yanachukua miezi kufika. Basi mafundi wa mtaa wetu tulikuwa na desturi tuliyoiita kuazima jicho. Una radio mpya ya kuuza kwenye rafu, na una mteja mwenye haraka ambaye radio yake imepofuka. Unatoa jicho la ile mpya, unamtia mteja, na lile lililochoka unaliweka kwenye ile mpya, ukijiambia kwamba macho yakifika utarudisha. Kila fundi alifanya. Fundi Ramazani peke yake alikataa. Alisema kitu kipya usikipasue kifua, kwa sababu kikishafungwa hutakumbuka tena ulichoacha ndani. Mzee alikuwa ameshafariki nilipoanza kuazima, na kama mnavyojua, wafu ni rahisi sana kutowasikiliza.

Siku moja alikuja mnunuzi wa dhahabu kutoka Lusangi, ana harusi, radio yake imekufa na pikipiki yake imeshawashwa pale nje. Kwenye rafu nilikuwa na radio mbili za kitandani zilizobaki, mapacha kabisa, nyeusi, za saa na diski. Nikafungua moja, nikaazima jicho. Nikaifunga, nikaifuta vumbi, nikairudisha kwenye rafu karibu na dada yake. Haikupita juma, akaingia Mzee Amisi.

Mzee Amisi mlimjua wengine, mwenye ghala la mchele na mafuta ya mawese. Alikuwa na wake wawili katika ua mmoja. Mkubwa ni Mama Zabibu, aliyeolewa naye wakati mzee bado anauza chumvi kwa baiskeli, na mdogo ni Mwavita, aliyemkuta mzee akiwa tayari na ghala. Mzee alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko mchele wake wote, kwamba anawatendea wake zake sawa. Akinunua kitenge ananunua viwili. Akigombana na mmoja, kesho yake anatafuta sababu agombane na wa pili. Alisimama mbele ya rafu yangu akasema, "Mama Zaina, miye niko na bibi wawili. Minataka radio mbili, sawa sawa. Kama moja iko na mukwaruzo, na ingine ikuwe na mukwaruzo."

Nikamwonyesha zile mbili. Alizipima kwa mikono, akazigeuza, akazinusa pia, sijui nani alimwambia. Akafumba macho akapapasa vitufe. Akasoma volti. Mteja mzuri kupita wote niliowahi kupata, na mimi moyoni nikimwomba Mungu aondoke. Akaomba kusikia diski. Nikatoa diski yangu ya kujaribia, ya asili, safi, isiyo na hata alama ya kidole. Radio ya kwanza ikaimba. Radio ya pili, yenye jicho la yule mtu wa Lusangi, nayo ikaimba vizuri kabisa.

Hapo ndipo mnapopaswa kufungua masikio. Diski safi inasomwa hata na kipofu. Ukitaka kujua jicho, tia diski mbovu, iliyochomwa nyumbani kwa mtu, yenye mikwaruzo na alama za mafuta ya sambusa. Hiyo ikiimba, uza. Mimi nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo, na ndiyo maana nilitia diski safi.

Mzee akanieleza kwamba hatachagua yeye nani achukue ipi. Angezifunika zote kwa kitambaa, mke mkubwa angetangulia kushika moja, na itakayobaki iwe ya mdogo. Kura, kama inavyotakiwa. Nilipaswa kusema neno wakati ule. Nikajiambia kwamba kura ni ya Mungu, Yeye ndiye atakayeamua, na kwa namna hiyo nikamtwisha Mungu kazi yangu mbovu, nikamfungia mzee mizigo yake kwa kamba.

Mama Zabibu alishika ile mbovu. Mngetarajia nini.

Juma la kwanza hakukuwa na shida. Yeye aliitaka imwamshe alfajiri, Mwavita aliitaka aamke kupika mikate ya kuuza sokoni, na radio zote mbili ziliamsha. Kisha ikafika diski kutoka Kalemie. Binti wa mke mkubwa, Zabibu mwenyewe, alikuwa ameolewa huko, na alikuwa na mtoto wa miaka mitano ambaye bibi yake hajamwona kwa macho. Zabibu alimpeleka mtoto kwa kijana mwenye kompyuta, wakamrekodi akisoma alichojifunza madrasa, na mwisho akimsalimia bibi yake kwa jina. Diski ile ilisafiri na watu watatu, mifuko mitatu, na sijui mvua ngapi. Mama Zabibu aliwaita majirani, akavaa vizuri, akaweka diski. Radio ikazunguka, ikakwaruza, ikatoa silabi moja ya mjukuu wake, ikanyamaza.

Mwavita, kwa wema wake, akasema walete kwake wajaribu. Ikaimba mwanzo hadi mwisho, hata kikohozi cha mtoto kikasikika.

Fikirini, kama mna akili. Mwanamke aliyembebea mwanaume chumvi, leo ili amsikie mjukuu wake inabidi aende kukaa kwenye kitanda cha mke mwenzie. Na kuna siku ambazo mzee naye yuko kwenye chumba hicho, kwa zamu. Mama Zabibu hakulalamika kuhusu radio. Alimwambia mumewe kwamba sifa yake ya usawa imeisha, kwamba ile kura ilikuwa na mkono ndani yake. Mzee Amisi angeweza kuvumilia kuitwa mchoyo au mzee. Kuitwa mwenye upendeleo kulimchoma. Akabeba radio, akabeba diski, akawaita shemeji, majirani na wazee wawili wa mtaa, wakaja wote dukani kwangu wakajaa mpaka nje, na Mama Zabibu katikati. Akataka fundi aseme mbele ya watu kama radio ni nzima.

Watu zaidi ya kumi walikuwa wananitazama. Nje kulikuwa na fundi mwenzangu wa jirani amenyoosha shingo. Miaka yote niliyowahi kuulizwa fundi yuko wapi ilinijia kichwani, nikaogopa. Nikatoa diski yangu safi, nikaitia, ikaimba. Nikasema radio ni nzima, diski ya Kalemie ndiyo mbovu, na hizi diski za kuchoma zina vichwa vyao, zinaimba pale zinapotaka.

Mzee Amisi alipumua. Akamgeukia mkewe akasema mbele ya wote kwamba basi ugonjwa uko kwake, ugonjwa wa wivu, na kwamba uzee umemfikia vibaya. Watu walicheka. Mama Zabibu alinitazama mimi, akachukua diski yake, akatoka. Kesho yake asubuhi akapanda pikipiki na begi moja, akaenda kwa kaka zake huko Wamaza, na akaacha neno kwamba harudi.

Nilifanya kazi siku mbili bila kula vizuri. Siku ya tatu akaja Mwavita. Nilidhani amekuja kushukuru, maana sasa ua wote ni wake. Akaketi, akakataa chai. Akaniambia kwamba alimpa mke mkubwa radio yake wabadilishane, na mkubwa akakataa, hataki kitu cha huruma. Akaniambia kwamba watoto wake wote watatu walipokelewa na mikono ya Mama Zabibu, na kwamba tangu aondoke, mzee anakula akitazama ukuta. Kisha akasema taratibu, "Mama, diski iko moja. Radio ziko mbili. Kwa yangu inaimba, kwa ya mukubwa haiimbe. Sasa mugonjwa ni nani?"

Mwavita hakusoma hata darasa la pili. Watu zaidi ya kumi, wazee wa mtaa wakiwemo, hawakuuliza swali hilo. Nikamwambia aniletee radio ya mkubwa, akasema iko mlangoni, amekuja nayo.

Macho mapya yalikuwa hayajafika. Nikaenda kwenye kitanda changu mwenyewe, nikachukua radio yangu, nikaipasua mbele yake, nikatoa jicho. Nikalitia kwenye ya Mama Zabibu. Yangu nikaiachia lile lililochoka, na mpaka leo inazunguka tu. Tulitafuta diski mbovu kuliko zote mtaani, tukapata moja iliyokuwa imefunika mtungi wa maji. Ikaimba.

Barabara ya Wamaza msinieleze, naijua. Nilibebwa kutwa nzima, radio mapajani imefungwa blanketi, na kila shimo nililiombea jicho lile kuliko mgongo wangu. Mara mbili tulishuka tukasukuma pikipiki kwenye tope. Dereva aliniuliza nimebeba mtoto, nikamwambia nimebeba aibu. Akasema basi ingekuwa nyepesi.

Nilimkuta Mama Zabibu amekaa anachambua mchele, kaka zake wawili kando na mke wa mmoja wao. Nilisema yote pale pale nikiwa nimesimama, viatu vimejaa tope. Nilisema jicho nililiazima mimi, kura haikuwa na mkono wa mzee, diski yake ilikuwa nzima, na nilidanganya kwa kuogopa jina langu. Nikalifungua blanketi nikamwonyesha radio. Nilidhani atalia, au ataniletea maji. Aliendelea kuchambua mchele wake.

"Ulinisema mubaya mbele ya watu wangapi?" akauliza.

Nikasema kumi, zaidi.

"Na hapa tuko wangapi?"

Nikahesabu. Nikasema wanne, mimi nikijitoa.

"Basi haujafika," akasema. "Rudia wale wale. Miye nitakuja kusikiliza."

Nilipewa chakula na mahali pa kulala, maana kwao si watu wabaya. Lakini hakuna aliyeniomba kuwasha radio. Kesho yake tukarudi na pikipiki mbili, yeye mbele na kaka yake, mimi nyuma nikila tope lao.

Ijumaa baada ya swala, dukani kwangu. Mwavita ndiye aliyewakusanya, mmoja mmoja, wale wale, hata wale waliokuwa wamecheka. Fundi wa jirani hakuhitaji kuitwa. Nilipanda juu ya kigoda changu cha kukalia ili wa nyuma wanione. Nikawaeleza maana ya kuazima jicho, na niliposema kwamba mtaa mzima tunafanya hivyo, fundi wa jirani alikumbuka kwamba ana maji motoni akaondoka. Nikasema Mama Zabibu alisema kweli tangu mwanzo. Nikasema mimi ndiye niliyefanya mtu mzima aitwe mgonjwa. Siku zilizofuata wateja walipungua kweli, wakawa wanafungua kila radio mbele yangu na kuchungulia ndani kama wanunuzi wa mbuzi. Walikuwa na haki.

Kisha nikaweka diski ya Kalemie. Mtoto alisoma, alikosea mahali pamoja akarudia, akakohoa, akamsalimia bibi yake kwa jina. Mama Zabibu aliweka kiganja juu ya radio muda wote ule, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Wazee wa mtaa walitazama dari. Mimi nililia waziwazi, sina cha kuficha.

Mzee Amisi alikuwa amekaa kiti cha mbele, uso umeng'aa. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha vizuri kupita kiasi, kwamba kura ilikuwa safi, usawa wake umethibitishwa mbele ya mashahidi, na mwenye kosa ni fundi. Akasimama, akachukua radio akaiweka kwapani, akasema haya, radio imepona, twende nyumbani tukale.

Mama Zabibu hakusimama.

"Radio ilikuwa mugonjwa, tumesikia," akasema. "Weye ulikuwa na nini?"

Mzee alimtazama Mwavita, labda akitafuta msaada, na Mwavita akawa anaangalia vitufe kwenye rafu kana kwamba anataka kununua vyote. Alinitazama mimi, nikashuka kwenye kigoda ili nisimzibe. Akatazama radio iliyo kwapani. Miaka thelathini ya ndoa, na sidhani kama neno lile lilikuwa limewahi kupita kooni mwake, kwa sababu lilichukua muda kutafuta njia. Mwishowe akasema, akiitazama sakafu, kwa sauti ndogo, "Unisamehe, Mama Zabibu."

Mama Zabibu akageuka nyuma, akawatazama watu waliosimama mpaka barabarani, kisha akamgeukia mumewe.

"Wale wa kule nje hawakusikia," akasema. "Ongeza sauti."

Akaongeza.